Bustani ya simuni na usingizi wa mtoto

Ikiwa nyumbani mwako kuna mtoto wa umri wa kwenda shule na simu yenye intaneti, huenda umewahi kumsikia akisema kwamba karoti zake zimekomaa. Mtoto huyo hana shamba. Pengine hata karoti yenyewe huitoa kwenye sahani kwa kidole kila unapoipika. Anazungumzia bustani iliyo ndani ya mchezo wa simu, ambamo yeye na watoto wengine, baadhi yao wakiwa nchi za mbali, hupanda mbegu, huvuna na kuuza.

Wiki hii tutaangalia michezo hii ya kulima mboga kwa intaneti: jinsi inavyofanya kazi, mahali hasa inapogusa afya ya mtoto, na jinsi mzazi anavyoweza kuitumia ili mtoto ale mboga za kweli. Wazazi wengi huogopa mchezo wenyewe, wakidhani kwamba unaharibu akili. Mboga za simuni hazimdhuru mtu. Cha kuchunguzwa ni saa ya mchezo, yaani jinsi ulivyopangiwa wakati wake, kwa sababu saa hiyo haijui usiku wala siku ya shule.

MICHEZO YENYEWE

Michezo ya aina hii si mipya. Mwezi wa Juni 2009 kampuni ya Zynga ya Marekani ilianzisha mchezo wa FarmVille katika mtandao wa Facebook, na mamilioni ya watu wakauingia, wengi wao wakiwa watu wazima wenye kazi na familia. Mchezaji alilima, akapanda, akangoja, kisha akavuna. Stroberi zilikomaa kwa saa 4, na aliyechelewa sana kuvuna alizikuta zimenyauka. Ndipo watu wenye akili timamu walipoanza kutega saa ya kengele usiku wa manane ili waamke kuvuna matunda yasiyolika. Mwaka 2010 diwani mmoja wa mji wa Plovdiv, nchini Bulgaria, aliondolewa katika kamati ya baraza kwa sababu ya kushughulikia shamba lake la FarmVille wakati wa mikutano. Mchezo huo ulifungwa tarehe 31 Desemba 2020, lakini mingine ilikuwa imekwisha kuchukua nafasi yake, kama vile Hay Day uliotengenezwa nchini Finland mwaka 2012.

Ule ambao watoto wengi wameuzungumzia tangu mwaka 2025 unaitwa Grow a Garden. Unapatikana ndani ya Roblox, jukwaa la michezo lililofunguliwa mwaka 2006, ambalo watoto hulijua kuliko wazazi wao. Mchezo huu ulianzishwa na kijana tineja mnamo Machi 2025, na kufikia Juni mwaka huo kulikuwa na nyakati ambapo watu zaidi ya milioni 20 walikuwa wakiucheza kwa wakati mmoja. Hiyo ni karibu mara nne ya wakazi wote wa jiji la Nairobi.

Mtoto akiingia hupewa kipande cha ardhi kando ya vipande vya wachezaji wengine wachache. Huenda dukani kununua mbegu kwa sarafu za mchezo. Mbegu ya karoti ndiyo ya bei nafuu, nayo ni sarafu 10. Hupanda, na baada ya muda mfupi sana karoti iko tayari. Huing'oa, huipeleka kibandani kuiuza, hupata sarafu zaidi, hununua mbegu ya bei ya juu kidogo. Karoti huvunwa mara moja tu, lakini mnyanya huendelea kuzaa. Kuna mahindi, maboga, pilipili, matikiti maji, hata minazi na miembe. Mvua ikinyesha ndani ya mchezo, mimea hukua haraka, na mingine hupata sifa fulani inayoipandisha bei. Mtoto anaweza kuwatembelea rafiki zake na kutazama bustani zao.

Ukiutazama hivi, utaona kwamba si mchezo mbaya. Hauna damu wala bunduki. Mtoto hujifunza kuweka akiba, kulinganisha bei na kufanya hesabu za faida. Kwa maoni yangu ni afadhali mara kumi kuliko mengi yanayoonyeshwa kwenye runinga baada ya taarifa ya habari.

DUKA LINALOFUNGULIWA KILA DAKIKA 5

Sasa tuje kwenye saa. Duka la mbegu la mchezo huu hubadilisha bidhaa zake kila baada ya dakika 5. Mbegu za kawaida huwepo karibu kila mara, lakini zile za thamani huonekana mara chache, bila mtu kujua ni lini. Mtoto anayekaa na simu kuanzia saa mbili usiku hadi saa tano ana nafasi 36 za kuchungulia duka. Kila mara hujiambia kwamba labda safari hii itakuwepo. Kisha kila mwisho wa wiki huwa na mambo mapya na mbegu za muda tu, na asiyekuwepo hukosa.

Namna hii ya kutoa zawadi imejulikana kwa miaka mingi. Mwanasaikolojia wa Marekani, B. F. Skinner, alionyesha katika karne iliyopita kwamba njiwa anayepata punje mara nyingine tu, bila kujua ni donoo la ngapi litakaloileta, hudonoa kwa bidii na kwa muda mrefu. Ukiacha kabisa kumpa punje, huendelea kudonoa muda mrefu kuliko yule aliyezoea kupewa kila mara. Mashine za kamari hufanya kazi kwa kanuni hiyo hiyo. Kwa hivyo mtoto anayeshindwa kuweka simu chini si mkaidi kuliko watoto wengine. Amekutana na kitu ambacho hata diwani wa Plovdiv hakukiweza.

Jambo moja ambalo wazazi wengi hawalijui litakusaidia sana. Katika mchezo huu mimea huendelea kukua hata mtoto akiwa ametoka. Hainyauki kama ile ya FarmVille. Mtoto akizima simu saa moja na nusu jioni na kuifungua kesho yake baada ya shule, ataikuta bustani yake imestawi kuliko alivyoiacha. Anachokosa ni kuchungulia duka tu. Mwambie hivyo, kwa maneno hayo hayo ya mchezo, naye atashangaa kwamba unaufahamu. Ubishi mwingi wa jioni huisha mzazi anapojua kwamba hakuna karoti itakayokufa.

USINGIZI HAULIPWI KWA DENI

Madhara ya kwanza ya saa hiyo ni kupungua kwa usingizi. Chama cha madaktari wa usingizi cha Marekani kilitoa mwongozo mwaka 2016 kwamba mtoto wa miaka 6 hadi 12 anahitaji kulala saa 9 hadi 12 katika kila saa 24, na wa miaka 13 hadi 18 saa 8 hadi 10. Hebu tuzipige hesabu hizo kwa maisha ya mjini. Tuseme mtoto wako yuko Gredi ya 5 na basi la shule humchukua alfajiri, hivi kwamba ni lazima aamke saa kumi na moja. Ili apate saa 9, ambazo ndizo za chini kabisa, anapaswa awe amelala usingizi saa mbili usiku. Hapo sisemi awe kitandani akijigeuza, nasema awe amelala. Watoto wengi wa Nairobi hawafikii kiwango hicho hata bila simu. Ukiongeza bustani ya intaneti hadi saa nne, mtoto amebaki na saa 7.

Mwanga wa simu nao una kazi yake. Giza linapoingia, ubongo hutoa homoni iitwayo melatonini, ambayo huuambia mwili kwamba usiku umefika. Mwanga mkali machoni, hasa ule wenye rangi ya samawati unaotoka kwenye vioo vya simu, huchelewesha homoni hiyo, na macho ya watoto hupitisha mwanga mwingi kuliko ya watu wazima. Ongeza msisimko wa kungojea mbegu adimu. Mtoto huyo hata ukimlaza atakaa macho akitazama dari.

Dalili za upungufu wa usingizi kwa mtoto si lazima ziwe kusinzia. Mtu mzima asiyelala huzubaa, lakini mtoto mara nyingi huwa mkali, hutapatapa, hulia kwa jambo dogo, hasikilizi darasani. Mwalimu akikuandikia kwamba mtoto amekuwa mtundu, uliza kwanza alilala saa ngapi kabla ya kutafuta kiboko.

Kuna pia suala la kukaa. Shirika la Afya Duniani lilishauri mwaka 2020 kwamba watoto wa miaka 5 hadi 17 wapate wastani wa dakika 60 kila siku za shughuli za kuutoa mwili jasho, kama kukimbia, kuruka kamba au kucheza kandanda. Kwa walio chini ya miaka 5, ushauri wa shirika hilo wa mwaka 2019 ni kwamba mtoto wa miaka 2 hadi 4 asizidishe saa 1 kwa siku mbele ya kioo, na aliye chini ya miaka 2 asiwekwe mbele yake kabisa. Tena, mtoto anayekaa nje mchana kwenye mwanga wa jua ana uwezekano mdogo wa kupata tatizo la kutoona mbali kuliko yule anayeshinda ndani akitazama vitu vya karibu. Hapa tayari unaona kwa nini bustani ya kweli, hata ya ndoo mbili, ni bora kwa macho kuliko ile ya simuni.

JE, NI UGONJWA?

Wazazi huuliza kama mtoto apendaye sana michezo ni mgonjwa. Ni kweli kwamba Shirika la Afya Duniani liliorodhesha tatizo la uraibu wa michezo ya kielektroniki katika orodha mpya ya magonjwa, iliyopitishwa Mei 2019 na kuanza kutumika Januari 2022. Lakini masharti yake si mepesi. Mtu awe ameshindwa kujizuia. Mchezo uwe umetangulia mambo mengine yote maishani mwake. Na aendelee kucheza ingawa anaona madhara, kiasi cha kuharibu masomo, jamaa au kazi. Kwa kawaida hali hiyo iwe imedumu miezi 12. Mtoto anayenung'unika ukimwambia azime simu hayumo katika kundi hilo, la sivyo sote tungelazwa.

Hata hivyo, usingoje mwaka mzima ikiwa mtoto ameacha chakula, ameacha rafiki, huamka usiku kwa siri kucheza, huiba pesa za kununulia vitu vya mchezo, au hutishia kujidhuru anaponyang'anywa simu. Mpeleke kwa daktari au mshauri nasaha mapema. Mara nyingine mchezo ni kimbilio tu, na kuna jambo jingine linalomsumbua shuleni au nyumbani.

Kuhusu pesa, kila mzazi na ajue kwamba sarafu za bustani si kitu kimoja na Robux. Sarafu mtoto huzipata kwa kuvuna. Robux hununuliwa kwa pesa halisi, nazo humwezesha kupata mbegu bila kungoja, hata kuliiba tunda la jirani katika mchezo. Nambari ya siri ya M-Pesa isijulikane na mtoto, na kadi ya benki isiachwe imesajiliwa kwenye simu anayochezea. Aidha, kwa kuwa mchezo una wachezaji wengi, baadhi yao ni wageni kabisa. Mkataze mtoto kumwambia mtu yeyote humo jina la shule, mtaa anaokaa au nambari ya simu, na mwambie kwamba mtu akimwomba wahamie kuzungumza mahali pengine, aje akuambie mara moja wala hatachapwa kwa hilo. Tangu Novemba 2024 mzazi anaweza kufungua akaunti yake mwenyewe ya Roblox, akaiunganisha na ya mtoto, na akapanga kutoka kwenye simu yake muda ambao mtoto ataruhusiwa kwa siku. Fanya hivyo jioni hii ukiwa na mtoto kando yako, maana ukimfanyia kwa siri atatafuta njia ya kuzunguka.

Kanuni moja ya nyumbani inatosha: simu zote, pamoja na ya baba na ya mama, hulala sebuleni, nazo huwekwa chini saa 1 kabla ya mtoto kulala. Kabla ya wakati huo mwonye kwamba zimebaki dakika 10, ili avune na auze. Kumpokonya mtoto simu akiwa na karoti mkononi ni uchokozi.

KUTOKA SIMUNI HADI NDOONI

Sasa tuje kwenye neema iliyomo katika jambo hili. Mtoto wako amekwisha kupenda kulima. Anajua mbegu, mvua, mavuno na bei. Kilichobaki ni kumpa udongo.

Mwambie, "Nionyeshe bustani yako." Mwache akueleze kwa dakika chache, kisha umwulize kama angependa kuwa na nyingine isiyohitaji bando. Wengi hukubali, lakini angalia: mtoto aliyezoea karoti ya muda mfupi atakata tamaa ukimwanzisha na karoti. Karoti ya kweli huchukua siku 10 hadi 14 kuchomoza na miezi 3 hivi kukomaa, nayo inataka udongo mlaini wenye kina, usio na mawe, wala haipendi kuhamishwa. Nyanya nazo huchukua kama miezi 3 na husumbuliwa na magonjwa. Achana nazo kwanza.

Anza na terere, ambayo wengine huita mchicha. Ikinyunyiziwa maji huchomoza kwa siku 3 hadi 5, na baada ya wiki 3 au 4 mtoto anaweza kung'oa iliyosongamana na kuipeleka jikoni. Kunde za majani huenda kwa kasi karibu sawa na hiyo. Pamoja na terere panda sukuma wiki, ambayo ni ya polepole lakini hudumu. Kutoka mbegu hadi mche wa kuhamishwa ni wiki 4 hadi 6, kisha wiki nyingine 4 hadi 6 ndipo uanze kuchuma. Ukiwa huna subira hiyo nunua miche kwa wauzaji wa kando ya barabara, nawe utakuwa umepunguza nusu ya safari. Kwa njia hii, wakati mtoto anakula terere ya kwanza, sukuma wiki inaendelea kukua.

Wakazi wa ploti na gorofa husema hawana ardhi. Haihitajiki. Kuanzia mwaka 2008, baada ya ghasia za uchaguzi, shirika la Solidarités la Ufaransa lilieneza mtaani Kibera kilimo cha gunia, na tangu hapo maelfu ya watu wamechuma mboga katika uchochoro usiozidi upana wa mlango. Gunia hutengenezwa hivi. Changanya udongo na samadi iliyooza vizuri, sehemu 2 za udongo kwa 1 ya samadi. Chukua mkebe wa kasuku uliotolewa chini na juu, usimamishe katikati ya gunia, ujaze kokoto ndani yake na udongo kuuzunguka. Uvute juu kidogo kidogo huku ukiongeza kokoto na udongo, hata gunia lijae. Utabaki na mhimili wa kokoto katikati, ambao hupeleka maji hadi chini. Toboa mashimo madogo pembeni, umbali wa shubiri moja kati yao, upande miche humo, na mingine juu. Asiye na nafasi ya gunia atumie ndoo au mtungi wa plastiki wa lita 20 uliokatwa, bora utobolewe chini ili maji yasituame.

Iwe mahali panapopata jua angalau saa 5 au 6. Maji yapewe asubuhi au jioni, nayo yaliyotumika kuoshea mboga au mchele yanafaa kabisa. Mpe mtoto kazi hiyo iwe yake peke yake, asimwagiliwe na dada wa kazi. Vidukari wakitokea chini ya majani, wasugue kwa vidole au uwaoshe kwa maji yenye sabuni kidogo, kisha uyasuuze majani. Hakuna haja ya kunyunyizia sumu kwenye mboga ya gunia moja, tena mtoto ndiye mkulima.

UDONGO UNATOKA WAPI?

Katika miji yetu swali hili ni la afya zaidi kuliko la kilimo. Mwaka 2007 Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa lilichapisha uchunguzi kuhusu jaa la Dandora, na nusu ya watoto 328 waliopimwa walikutwa na madini ya risasi katika damu kupita kiwango kilichokubalika wakati huo. Huko Mombasa, wakazi wa Owino Uhuru waliathiriwa na risasi kutoka kiwanda kilichokuwa kikiyeyusha betri kuu kuu za magari. Risasi huharibu ubongo wa mtoto, na haionekani kwa macho wala haitoki kwa kuchemsha mboga.

Kwa hivyo usichote udongo karibu na jaa, gereji, mahali palipochomwa taka au kando ya barabara kuu. Usitumie mikebe iliyokuwa na rangi, mafuta ya gari au dawa za kuulia wadudu. Wala usimwagilie kwa maji ya mtaro, hata kama jirani hufanya hivyo na sukuma zake ni kijani kuliko zako. Maji taka yana mayai ya minyoo na vijidudu vya kipindupindu na homa ya matumbo. Mtoto akimaliza kushika samadi na anawe mikono kwa sabuni, asafishe na kucha. Majani yenyewe yaoshwe kwa maji safi yanayotiririka kabla ya kukatwa, maana ukiyaosha yakiwa yamekatwa, vitamini nyingine huondoka na maji.

SAHANI

Mwaka 2023 Shirika la Afya Duniani lilitoa viwango vya mboga na matunda kwa siku: gramu 250 kwa mtoto wa miaka 2 hadi 5, gramu 350 kwa wa miaka 6 hadi 9, na gramu 400 kwa wa miaka 10 na kuendelea, pamoja na watu wazima. Ndizi moja ya kadiri bila ganda ni kama gramu 100. Gunia moja halitafikisha familia kwenye kiwango hicho, na asikudanganye mtu. Utaendelea kununua kwa mama mboga. Faida ya gunia ni kwamba mtoto aonje.

Tafiti za bustani za shule katika nchi mbalimbali zimeonyesha kwamba watoto waliopanda mboga kwa mikono yao huwa tayari zaidi kuionja, ingawa si kila uchunguzi uliokuta kwamba walikula nyingi zaidi. Mtoto huhitaji kuonja chakula kigeni mara nyingi, pengine 10 au zaidi, kabla ya kukizoea. Wazazi wengi hukata tamaa mara ya tatu. Usimlazimishe amalize, usimwahidi soda akimaliza. Mwekee kijiko kimoja kila siku, ale au asile, nawe ule mbele yake.

Terere na sukuma wiki zina kile ambacho mwili hukigeuza kuwa vitamini A, yenye kulinda macho na kinga ya mwili, nacho hufyonzwa vizuri kukiwa na mafuta kidogo. Zina pia madini ya chuma, lakini chuma cha mboga huingia mwilini kwa shida kuliko cha nyama. Nyanya, ndimu au pilipili hoho katika chakula hicho hicho husaidia kwa sababu ya vitamini C, na chai huzuia, kwa hivyo chai ya jioni iwe saa 1 au 2 baada ya mlo. Usichemshe majani hadi yageuke rangi ya kahawia na kumwaga maji yake. Kaanga kitunguu na nyanya, tia mboga, funika dakika chache tu, epua.

Sukuma wiki ikianza kutoa, mwonyeshe mtoto jinsi ya kuchuma: majani ya chini kwanza, yavunjwe kwa kuyavuta kuelekea chini, na yaachwe yale machanga 4 au 5 ya juu. Shina likichumwa hivyo litaendelea kutoa majani kwa miezi kadhaa. Atakuuliza mbona lingine halijakomaa kama lile la simuni. Mwambie angoje hadi Jumamosi.